Ibara ya Tisa ya Mkataba Wetu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mama Fabiola anahamia mtaa wa Musaga mwisho wa mwezi, na Fabiola wake pia, bila shaka. Fabiola amenipa habari hiyo darasani kama mtu anayetaja mvua. Miaka mitano tunakaa benchi moja, na hapa Bwiza nyumba zetu zinapakana! Nimeshindwa kula. Kisha nimepata wazo.

Jumanne, 7
Kampuni! Mimi nachora hina, Fabiola anasuka nywele; maharusi wanahitaji vyote viwili. Mtaji: hakuna. Mjomba Azhar, karani wa notari anayethibitisha mikataba, anasema washirika wasio na mtaji ndio wanaohitaji mkataba zaidi, maana hawana kingine cha kuwashikanisha. Tena hisa zisigawiwe siku moja. Kila mmoja azipate kidogo kidogo, akiwa kazini, kwa miaka minne. Minne! Nimembusu mkono.

Jumatano, 8
Ibara kumi na mbili, kwa wino na rula. Ya tisa nimeificha kati ya usafi wa vitana na likizo: "Mshirika hatahama Bwiza kabla ya miaka minne." Fabiola ametia sahihi bila kusoma. Amesema ananiamini. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Alhamisi, 9
Balaa. Mjomba amekumbuka kwamba sisi bado watoto: bila sahihi za wazazi, mkataba hauna nguvu. Fabiola ameupeleka mbio kwa mamaye, ambaye husoma hata karatasi ya sabuni. Nimeitwa.

"We Laila, mutoto wangu, unanikataza mi kuhama?"

Nimekiri yote, nikitazama viatu vyangu. Mama Fabiola amecheka mpaka akakaa. Fabiola hakucheka. Amechukua kalamu, akafuta "hatahama Bwiza", akaandika "hatamwacha mwenzake". Kisha akafuta "minne", akaandika "kumi".

"Mine ni kidogo," akasema. "Na kila Jumamosi mi nitakuja."

Machozi yamenitoka; nimesema ni wino, kana kwamba wino hutoka machoni.

Ijumaa, 10
Wazazi wote wametia sahihi. Nimeapa: sitaficha neno kwenye karatasi tena, maisha yangu yote.

Jioni Fabiola amesema jirani yao mpya wa Musaga anaitwa Mathilde. Anachora hina. Vizuri sana, eti.

Nimemuuliza Mjomba kama mkataba uliokwisha kutiwa sahihi unaweza kuongezwa ibara. Unaweza, wote wakikubali.

Nimeanza ya kumi na tatu. Kwa herufi ndogo sana.