Printa Yangu Imehamishiwa Ng'ambo Bila Ruhusa

Kwa Bi Fundi wa Mitandao, ambaye pia ni mpwa wangu na bibi harusi wa Jumamosi ijayo,

Salamu. Mimi mjomba wako, mchapaji wa kadi niliyewahi kufufua redio kwa kijiko, naleta malalamiko rasmi kuhusu VPN uliyoniwekea, lile handaki la siri la intaneti, ili jirani tunayetumia naye ruta moja asichungulie miundo ya kadi zangu.

1. Tangu jana kompyuta inasema printa haionekani. Haionekani vipi, na nimeiegemea kwa kiwiko? Nimeibeba nikaionyesha kompyuta uso kwa uso. Imekana.

2. Nimechunguza kitaalamu. Kazi ikitoka hapa inaingia handakini mpaka ng'ambo, inaulizia printa ya mjomba, na watu wa kule hawanijui, jambo ambalo nalo ni la kuchunguzwa. Safari yote hiyo kufika meza hii hii! Hata mlevi ana njia fupi zaidi ya kurudi kwake.

3. Matangazo sasa yananiuzia makoti ya theluji. Nimeanza kusikia baridi. Mke wangu anasema ni feni. Mambo ya mitandao hayajui.

4. Kadi zako mia mbili hazijatoka. Nimebonyeza "chapa" mara kumi na moja, kwa nguvu tofauti tofauti. Ukiolewa mbele ya viti vitupu, usinitazame mimi.

Kwa hiyo naomba handaki lipindishwe lipitie mezani kwangu, la sivyo nikatiwe tiketi ya ndege niifuate printa huko iliko. Mimi sijagusa kitu.

Msalimie dada yangu, mkwe mtarajiwa, na wote wanaosubiri kadi.

Ni mimi mjomba wako,
Mchapaji asiye na printa

N.B. Mke wangu amepita, akachungulia mipangilio ya VPN na kuuliza, "Wewe baba, hapa pa 'ruhusu vifaa vya karibu' nani kafuta alama ya vema?" Ni mimi. Jirani naye si yuko karibu? Ameirudisha, na printa imezitoa kazi zote kumi na moja. Kila ikiomba karatasi nailisha, maana kwa matusi niliyoiporomoshea jana naona haya kuinyima. Kadi ni elfu mbili na mia mbili. Tafuteni uwanja wa mpira. Jirani nimeshampa zake hamsini agawe. Ameusifu sana muundo.