Sahani ya Klachi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa hisani yako: neno hata moja lisikutoke. Hasa mbele ya Suud.

Jumamosi, 10 Oktoba 1970
Bwana Marhoon, tajiri wangu, yuko Dubai. Kaniachia ofisi ya Matrah na ufunguo wa Land Rover. Wa kutunza, alisema, si wa kuendeshea. Akikuta kila kitu salama, atanithibitisha ukarani. La sivyo, nirudi nilikotoka. Nilikotoka ni Unguja, nilikokuwa mwalimu, na hakurudiki.
Suud, dereva, ana homa. Wiki nzima najifunza kwa siri, nimpiku. Leo kilima cha Riyam, njia ya kwendea Maskati. Nikajiona karani mkuu, watu wa Maskati wananipisha. Mguu wa kushoto umetulia juu ya klachi kama juu ya mto. Injini ikanguruma, gari lisipande. Harufu ya nywele zinazoungua.

Jumapili, 11 Oktoba
Ishaq fundi alinusa tu. Akakutanisha viganja: hiki injini, hiki giaboksi, katikati pana sahani ya klachi. Ukikanyaga, vinaachana. Ukiachia, vinaibana, gari linakwenda. Ukiegemeza mguu, haviachani wala havishikani. Sahani inasuguka mpaka inaisha. "Kwani pedali ni baraza, mwanangu, ukapumzikie?" Nilete mpya, afunge.
Kule kubanana kulinipendeza. Nikawaza hilo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 12 Oktoba
Nimemwandikia mfanyabiashara wa Dubai, Kiarabu fasaha. Neno klachi niliona la kihuni, nikaliacha. Gari sikulitaja, barua hufunguliwa. Nimeagiza sahn, yaani sahani, iliyo bora, upesi, kwa jina la Bwana Marhoon.

Jumatatu, 19 Oktoba
Bwana karudi na kasha. Mfanyabiashara alimkabidhi yeye mwenyewe. Ndani, sahani kumi na mbili za kulia, zina mawaridi. Bwana akauliza nimejuaje kuwa Ijumaa ana wageni kutoka Maskati. Nikasema nilihisi. Akafurahi: barua yangu ya kazi ataitia sahihi mbele yao, baada ya chakula. Nani atawaleta, na Suud mgonjwa? Ulimi ukasema mimi.

Jumanne, 20 Oktoba
Nimeungama kwa Suud. Akacheka mpaka akaketi kitandani. "Mwalimu, si ungeuliza? Sahani ya akiba nnayo, nimeilalia wiki mbili." Ikatolewa uvunguni.
Ishaq akateremsha giaboksi. Ile ya zamani imelika, laini kama kigae. Mpya akaiweka sawa katikati kwa kijiti, akafunga. Mguu sakafuni, kanionya mara tatu. Nimeyaandika maneno hayo kwa hati nzuri, nimeyabandika mbele ya usukani.

Ijumaa, 23 Oktoba
Siku tatu za mazoezi. Jana palinuka kidogo; nikadhani mkate wa jirani.
Leo, Riyam. Bahari chini imetulia, nyeupe. Nikaisoma hati yangu, nzuri kweli. Mawazoni nikaiona barua imeshatiwa sahihi, muhuri haujakauka. Nikaupuliza.
Harufu ya nywele.
Sahani ya Suud ilikuwa mbovu, hapana shaka. Wageni wanangoja Maskati. Matrah, mawaridi yamepangwa mkekani.
Daftari nalirusha chini, barabara ya Matrah. Ukinitaka, panda Riyam kutokea Matrah, kona ya pili. Nipo nyuma ya gari, upande wa kivuli. Uje na kamba. Suud usije naye.