Mfuko wa Mchanga Kwenye Boti ya Mjukuu Wangu

Kwa Ndugu Gwakisa, Msimamizi wa Mizani,
Mbio za Makasia za Vyuo Viwili, Mto Mississippi

Mwanangu Gwakisa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Nakuandikia mimi, Mzee Aboud wa Richfield, bingwa wa makasia ambaye tangu nizaliwe sijashindwa na mtu. Na ni kweli sijashindwa, kwa sababu sijashindana. Kasia lenyewe nimelishika mara moja tu, pale klabu, nikilisogeza lisinizibie njia ya chooni. Lakini heshima ya nyumba ni heshima ya nyumba, nayo ndiyo imenikalisha hapa na kalamu.

Unajua kwamba mjukuu wangu Fathiya ndiye mshika usukani wa boti ya chuo cha upande wetu wa Minneapolis. Yeye havuti kasia. Kazi yake ni kukaa nyuma ya boti na kuwapigia kelele vijana wanane wenye mabega kama milango, nao wanamtii. Hilo hakufundishwa na kocha, amerithi kwa bibi yake. Sasa Jumamosi iliyopita, siku ya majaribio, ulimpandisha kwenye mizani, ukatikisa kichwa, ukasema hajafikia uzito wa sheria, kisha mbele ya watu wazima ukampa mfuko wa mchanga akae nao botini kujazia. Basi pokea malalamiko yangu.

1. Mchanga! Mtoto ana mama, ana bibi, ana shangazi wawili kule Blaine wenye majiko makubwa kuliko sebule yangu, wewe unamjazia kilo kwa mchanga? Kwetu mtu akipungua hupewa chakula. Mchanga tunamtilia akishakufa.

2. Habari ilifika Cedar, mtaa wa watu wetu, kabla boti haijakauka. Kwanza simu, kisha masufuria. Dativa, dada wa kwenu Tanzania, alikuja na ndizi, akamshika mke wangu mkono, akasema kwa sauti ya msibani: "Pole mama, hata sisi tulipofika nchi hii tulihangaika." Mke wangu huyo, ambaye harusini watu hawaulizi bi harusi ni nani, wanauliza pilau kapika nani! Alizipokea ndizi kwa mikono miwili, akanitazama kama vile mchanga nimeuchimba mimi. Tangu siku hiyo chai yangu inakuja kavu.

3. Angetoa mchanga Mzungu ningesema hajui. Wewe umekula kwetu Idi iliyopita. Uliongeza mara ngapi sisemi, nimelelewa. Mkono uliochovya mahamri yetu kwenye mbaazi unainuaje mfuko ule?

4. Kwa hiyo naiomba kamati yako mchanga utolewe, na uzito wa Fathiya ujazwe kwa chakula cha kwao. Mahamri hayamwagiki. Halwa ndiyo kabisa, kipande kidogo kinashinda jiwe. Tena boti ikifika, mchanga utamfaa nani? Halwa wataigombania.

5. Na kama kilo ndizo mnazozitaka, ya nini kubania? Tutaleta sinia la biriani, kuku, na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Mizani ikiendelea kunung'unika, nitampandisha bibi mtu mwenyewe. Atakaa na mjukuu wake, wapige kelele wawili, na hao wa chuo cha Saint Paul watajua hawajui.

6. La sita sina, ila matano yanaonekana machache kwa mtu wa umri wangu.

Nisipopata jibu kabla ya Jumamosi ya mbio, nitasimama juu ya daraja na masufuria yote, mji uone kama nyumba hii ina njaa.

Nisalimie Redempta mkeo, nisalimie wanao wanaonielewa vizuri kisha wakanijibu Kiingereza, nisalimie jirani yako mwenye mbwa, na mjumbe yeyote wa kamati anayekula.

Wako kwa hasira na mapenzi,
Mzee Aboud

Tanbihi: Fathiya kapita sasa hivi, nimemsomea barua, kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe mshika usukani huchaguliwa kwa wepesi wake! Boti ikiwa nzito inachelewa, na wenzake walimgombania kwa sababu ni kama unyoya. Ule mchanga umewekwa na sheria ili wapinzani wasionewe. Anasema kwa biriani yangu wangefika Jumapili. Basi futa la kwanza mpaka la sita. Mchanga ubaki, wala usiongeze hata punje. Mke wangu naye yuko kwenye simu, anawapigia wote waliompa pole, awaambie kwamba mjukuu wake hakukonda, ameteuliwa.

Lakini biriani imeshapikwa. Na unakumbuka Januari, gari lako lilipozama kwenye theluji pale Cedar, nani alisukuma? Mimi na mgongo wangu huu, wewe ndani na hita yako. Sikukudai kitu. Leo nadai kidogo tu: Jumamosi, baada ya mizani na kabla ya mbio, wapelekee vijana wa Saint Paul sinia hili. Wakaribishe vizuri, Gwakisa, na usikubali wabakishe hata tonge.