Ishirini wa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 4 Oktoba

Chuo kinafunguliwa! Mkuu wa Kitivo ametuma waraka. Kuanzia wiki ijayo masomo ya hiari yanarudi darasani, barakoa hadi juu ya pua, kiti kimoja wazi kila upande. Nimeusoma nikiwa stoo, kwenye meza ya kupigia pasi ninayofundishia huu mwaka wa pili. Nikaruka kwa furaha. Dari ya stoo ni fupi.

Nikishika kichwa nikasoma ukurasa wa pili. Somo linalorudi ni lile lenye wanafunzi wasiopungua ishirini walio tayari kuja. Kujiandikisha mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Ruhusa ya kuhama somo hadi Jumatano ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Litakalokuwa chini ya ishirini saa hiyo litafundishwa mtandaoni hadi Juni.

Somo langu, Historia ya Biashara, lina thelathini. Walio tayari kuja ni sita.

Hadi Juni! Mama mkwe alikuja kututembelea wiki mbili. Usafiri ukafungwa. Ukafunguliwa. Yeye keshazoea. Vitunguu vyake anavitunza humu stoo, na kila nikifundisha huingia mara tatu kuvichukua, na kila mara huwajulia hali wanafunzi. Nampenda mama yule. Lakini nikikaa humu hadi Juni, na mimi nitachipua.

Jumanne, 5 Oktoba

Mwalimu wa Takwimu kanipigia, eti kunijulia hali. Katikati ya salamu likamponyoka kwamba yeye anao kumi na watano. Vijana wa siku hizi, akasema, wanapenda namba. Nikampa hongera, nikakata simu, nikaipiga meza ngumi. Pasi ikaniangukia mguuni.

Maumivu yameleta akili. Wanafunzi hawataki kutoka mtandaoni kwa sababu mtandaoni ni kuzuri. Basi kuwe kubaya! Kesho nitajifanya mtandao umekatika. Nitaganda katikati ya sentensi, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu alipita, akauliza kama aite daktari.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimeganda mara saba. Ustadi mtupu! Mara ya nne nzi alitua juu ya pua yangu. Sikutikisika. Akapanda hadi kwenye nyusi. Sikutikisika. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba mwalimu ameganda ila nzi wake ana mtandao mzuri. Wamecheka kicheko cha wiki nzima. Sijali. Mtu hukichoka kitu kibovu. Kesho watamiminika.

Alhamisi, 7 Oktoba

Balaa. Wanafunzi wamenionea huruma, wakamwandikia Mkuu wa Kitivo kumwomba anisaidie. Mkuu naye kaingiwa na huruma. Saa tatu asubuhi mafundi wawili walikuwa juu ya paa langu wakifunga mtandao mpya wa kasi. Mkuu akapiga simu mwenyewe: nisiwe na wasiwasi tena, nitafundisha nyumbani kwa raha zangu hata mwakani. Nikamshukuru kwa sauti ya mfiwa.

Waliojiandikisha: saba. Huyo wa saba nasikia alibonyeza kwa makosa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kipindi saa mbili. Nikauliza swali kuhusu mizani na vipimo. Miraba myeusi thelathini, bila hata uso mmoja. Nikaona bora nikaoshe uso bafuni. Kamera nikaisahau wazi.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama mkwe aliingia kuchukua vitunguu, akakuta kiti kitupu, akakaa. Akawajulia hali. Akawauliza kwa nini hawataki shule. Mmoja akajibu kwamba huku wanasikiliza wakiwa kitandani. Mama akawaambia yeye ndiye humwona mwalimu wao akimaliza kipindi. Hubaki hapa peke yake, anauliza swali, anangoja, halafu anajijibu mwenyewe na kujipongeza. Akasema mtu mzima kuzungumza na ukuta hivyo siyo afya. Akawaomba, wanangu, mrudisheni baba huyu kazini, maana na yeye anataka kupika kwa nafasi.

Saa nne kamili: ishirini na sita!

Nimekaa sakafuni. Nimelia, naandika bila aibu. Mzigo wa mwaka na nusu umenitoka mabegani kwa mkupuo. Mke wangu anasema niende nikamshukuru mama yake. Kwa lipi? Ni wazi kwamba dawa yangu ya kuganda ilichelewa tu kuwaingia.

Jumatatu, 11 Oktoba

Chumba namba nne! Ubao! Chaki! Macho ishirini na sita, yaani jozi! Nimetoa utani wangu wa mfanyabiashara na punda, ule uliokufa mtandaoni mara tatu. Barakoa zikatikisika. Kicheko cha watu, kinachotoka kwenye matumbo ya watu! Nilifuta ubao uliokuwa safi ili wasinione uso.

Ningeishia hapo. Lakini mlango wa pili yupo yule wa Takwimu. Ana kumi na wanane, na anao muda hadi Jumatano ile ya kuhama, saa kumi, atafute wawili. Nikaona nimpunguzie kazi. Nikasimama mlangoni kwake, nikakohoa. Mara mbili, kutoka kifuani.

Darasa lake likakimbilia nje kwa madirishani. Safi! Ila muuguzi wa zamu akatokea koridoni. Kanichovya kijiti puani hadi nikakumbuka mambo ya utotoni, kisha nyumbani, nijitenge chumbani mpaka majibu yatoke. Darasa la Takwimu lilirudi dakika tano baadaye kupitia madirisha yaleyale.

Jumatano, 13 Oktoba

Sina ugonjwa! Muuguzi kapiga simu saa moja asubuhi. Nimeshusha pumzi mpaka pazia likacheza. Naruhusiwa kazini leo hii.

Sijamwambia mtu bado. Tangu juzi mama mkwe ananiletea chakula mlangoni mara tatu kwa siku, anabisha, anauliza kwa upole mwanangu umeamkaje. Juzi usiku nilimsikia akiniombea. Sijawahi kuhurumiwa hivi katika nyumba hii. Siku moja zaidi itamdhuru nani?

Kipindi changu cha saa nane nimeshakipanga. Nimemwomba Takwimu anishikie darasa. Na mimi nilidhani atakuwa na kinyongo! Kakubali kabla sijamaliza kuomba. Kasema atawaburudisha wanafunzi wangu kwa namba mbili tatu, na kama sina neno, angekwenda na fomu zake za kuhamia somo, asije akaziacha ofisini zikapotea. Binadamu tunahukumiana bure. Nimemwambia aende nazo, na kama hawana kalamu, zangu zimo kwenye droo ya juu.