Kahawa Yangu, Presha ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 4
Umri wangu miaka sabini na tisa. Nimewazika madaktari wawili walionikataza kahawa. Leo binti yangu kaniambia, baba, Alhamisi unapimwa presha. Ikiwa juu tena, birika na kinu chako cha kahawa navigawa, na unahamia kwangu. Kwake wanachemsha maji matupu na kuyaita chai. Moyo ukaanza kwenda mbio palepale. Hiyo si kahawa, ni binti.

Jumanne, tarehe 5
Nimeapa kutokunywa. Kunusa tu. Nikakaanga buni kidogo uani, mlango nimefunga. Harufu ikaruka ukuta. Jirani yangu fundi viatu kaja na kikombe mkononi, eti kapita tu kunijulia hali. Ningemwachaje mgeni anywe peke yake? Sasa nausikia moyo masikioni. Hata mwandiko huu si wangu.

Jumatano, tarehe 6
Akili ninazo! Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, hajaonja kahawa tangu azaliwe. Mpole kupita kiasi, kuku akikatiza njiani yeye ndiye anayepisha. Atakwenda kupimwa badala yangu, kwa kadi yangu. Kasema shemeji, huu ni utapeli. Nikamjibu nilimvumilia dada yake maisha mazima. Kachukua kadi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimengoja kwenye benchi la zahanati, jasho linanitoka. Shemeji hatoki. Katoka nesi na kadi yangu, kauliza ndugu wa mgonjwa huyu nani, presha yake inatisha, tumemlaza. Akifa huyu, nitabishana na nani? Nikakiri yote. Nesi kanipima na mimi, huku ananisema. Yangu juu. Lakini chini ya yake!

Jumamosi, tarehe 9
Shemeji karudi kwake na vidonge. Binti kachukua birika na kinu, kesho ananifuata mimi. Nimewaza sana. Asiyekunywa kahawa kalazwa, mnywaji katembea kwa miguu yake. Basi kinachomuumiza shemeji ni kukosa kahawa. Nimeazima birika la fundi viatu, nikampelekea shemeji dozi ya kwanza. Kagoma kufungua mlango. Nimemwekea dirishani, imwingie japo harufu. Anayebisha amuulize nesi, presha zote mbili kazipima yeye. Au amuulize shemeji, nimemsikia akipiga chafya, dawa imeshamwingia.