Laptop Isiyobebeka

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kitabu, salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini na wewe ni mzima. Baba Trizah ni mzima isipokuwa goti, na goti hilo ni la siku nyingi. Dani, yaani mama mkwe wangu, ni mzima na anakula kuliko sisi sote. Trizah ni mzima. Kuku ni wazima, ila yule mweupe amenuna. Paka pia anakusalimu. Niliacha shule darasa la tano, na kitu walichokuwa wametufundisha kuandika ni barua, kwa hivyo sijui kuanza namna nyingine. Kiongozi wa akina mama kanisani alisema tukiandika yanayotusumbua, roho inapoa. Haya. Naandika.

Linalonisumbua ni neno moja. Popote.

Trizah anafundisha chekechea hapa Homa Bay, lakini jioni anatengeneza gemu kwa simu. Si kucheza. Kutengeneza! Anachora watu, anawaambia watembee, wanatembea. Ni ya kujifurahisha tu, kama vile wengine wanavyoshona vitambaa. Sasa simu imechoka, anataka laptop. Leo tukila akamwambia baba yake kwamba anatafuta ya mtumba, bei nafuu, lakini iwe nyepesi, ya kuingia kwa mkoba, ndio afanye mambo yake popote.

Baba yake akasema ni vizuri, akakata ugali. Mimi nikarudisha samaki kwa sahani.

Popote ni wapi? Popote si hapa. Kaka zake wawili walienda popote, sasa nawasikia Krismasi kwa simu. Mtoto wa Monicah jirani alianza kwa kununua mkoba mzuri. Leo yuko Qatar. Nimebaki na Trizah peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata mpango. Umekuja wenyewe nikipepeta omena, hawa dagaa wangu wa kuuza.

Kitu kizito hakiendi. Jiwe la kusagia la dani liko pale pale tangu aolewe. Kabati la vyombo halijawahi kuniambia linatafuta maisha. Basi, laptop iwe nzito. Nzito sana. Ikae mezani, na Trizah akae nayo.

Nikamwambia nitamwongezea pesa za omena, bora niende kununua mwenyewe, kwa sababu yeye hajui kubishana bei. Akanikumbatia. Nikaona aibu kidogo, lakini ikapita.

Amenikaririsha kama mstari wa Biblia. RAM isipungue nane. Diski iwe SSD. Betri ikae. Uzito usizidi kilo moja na nusu. Nimeshika yote. Ya mwisho nitaisahau njiani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika sokoni Rodi Kopany na mizani yangu ya ndoano, ile ya kupimia samaki, na kikapu.

Kijana wa laptop za mtumba anaitwa Kerosi. Ana heshima. Akanikaribisha, mathe keti, akanitolea moja nyembamba kama sahani, akasema hii ni kama hujabeba kitu. Nikamwambia airudishe haraka. Nikatoa mizani.

Akasema mathe, laptop haiuzwi kwa kilo. Nikamwambia kwake labda. Nikatia moja kwa kikapu, nikainua. Kilo mbili. Nikamwambia hii bado mtoto, hana zilizo watu wazima? Akacheka mpaka jirani yake wa viatu akaja kuona. Halafu biashara ikamwingia. Akapanda kiti, akashusha kitu cheusi kutoka juu ya rafu, akasema hii mathe, siku nilipoileta nililala na maumivu ya mgongo.

Kilo nne na zaidi. Na chaja yake, tofali kabisa, inafika tano na nusu. Roho yangu ikaimba.

Kerosi ni mkweli. Akaniambia betri imekufa kabisa, inafanya kazi ikiwa kwa stima tu, ndiyo sababu bei iko chini. Nikamuuliza maana yake haiwezi kutoka nje ya nyumba? Akasema haiwezi hata kufika kwa mlango. Nikalipa kabla hajabadilisha mawazo. RAM ni kumi na sita. SSD ipo. Sikumdanganya mtoto wangu kitu chochote ila viwili.

Nimefika nyumbani bega moja liko chini ya lingine.

Jumapili, 16 Machi

Tumetoka kanisani, nikampa. Akaishika kwa mkono mmoja, ikamvuta mpaka akainama. Baba yake akauliza kama ni laptop ama ni mlango wa gari. Trizah akasema asante mama, kwa sauti ile aliyopokelea sweta ya kijani niliyomfumia. Akainusa. Akauliza kwa nini inanuka samaki, tena mbuta. Nikamwambia ni harufu ya duka.

Lakini alipoiwasha! Kumbe ilikuwa ya watu wa gemu kubwa kubwa, na ndani ina kitu cha picha ambacho hizo nyembamba hazina. Akaruka. Akaniita mama mjanja. Nikakubali.

Akanionyesha gemu yake. Kuna mama mnene amejifunga leso ya kijani, ana beseni mkononi, anaanika omena ufuoni, kunguru na korongo wanakuja kuiba. Nikamuuliza huyo mnene ni nani. Akasema ni mtu tu. Leso ni yangu, kitabu, hata pale ilipoungua na moto wa jikoni papo.

Nikacheza. Nimeshindwa kila mara. Trizah anasema mama, weka beseni chini, ukilishika huwezi kukimbiza ndege. Nikamwambia nani anaweka beseni chini na kunguru amesimama pale? Hiyo gemu imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuuza omena.

Ametengeneza mpaka jioni, mezani, mbele ya macho yangu. Mpango umeiva.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Stima imepotea tangu Jumatatu. Fundi anasema nguzo imeanguka.

Laptop imelala mezani kama jiwe la dani. Trizah anaizunguka. Nikajaribu kuisaidia, nikaichomeka kwa ile sola ya kuchaji simu. Ikatoa mlio mdogo, na sasa hata simu hatuchaji. Baba Trizah alikuwa anangoja mpira kwa redio ya sola hiyo hiyo. Haongei na mimi.

Nikamwambia Trizah asome Biblia kidogo, au ashone. Akaifuta laptop vumbi.

Jumamosi, 22 Machi

Bathsheba amepiga simu.

Bathsheba ni dada ya baba Trizah, ameolewa Migori. Ana nyumba ya mawe, ana friji, ana vitambaa vya sofa vilivyopigwa pasi, na nyumba yake stima haipotei. Hili la stima ameniambia kila mwaka tangu niolewe. Leo akaniambia tena, kwa sauti ya asali, wifi yangu, kwa nini mtoto ateseke gizani na shangazi yake yupo?

Ndipo nikajua kutoka kwa Trizah kitu ambacho sikuwa nimeuliza. Kumbe huko Migori kuna vijana wanaotengeneza gemu, wanakutana kila Jumamosi kuonyeshana. Trizah alitaka laptop nyepesi aende asubuhi, arudi jioni. Hiyo tu. Popote yake ilikuwa Migori, na kurudi!

Akaniambia, bila hasira, mama, hii siwezi kuipandisha na kuishusha kila wiki. Nitaiacha kwa shangazi. Na nikitaka kuitumia, nitalala huko.

Pikipiki mbili zilikuja. Laptop ikafungwa kwa kamba nyuma ya moja kama gunia la mahindi, na Trizah akapanda ya pili. Nikamwekea omena, mafuta ya kupaka, sweta ya kijani, na mkate. Mwenye pikipiki akauliza hili jeusi ni kitu gani, ni zito namna hii. Nikajifanya sijasikia.

Jumapili, 23 Machi

Amerudi jioni kufundisha kesho. Amenenepa shavu kwa siku moja. Anasema shangazi alimpikia kuku, na akampigia kitambaa cha meza pasi. Meza ya laptop! Nimechinja yule kuku mweupe.

Jumatatu, 7 Aprili

Shule zimefungwa. Trizah amehamia Migori likizo yote.

Nyumba imenyamaza. Stima imerudi, bila shaka, sasa haina mtu wa kuitumia. Dani anauliza mtoto yuko wapi, tunamwambia, anauliza tena. Mimi pia ningeuliza tena kama ningekuwa na umri wake.

Amenitumia gemu kwa simu ya baba yake. Naicheza nikimaliza kuosha vyombo. Bado sijaweka beseni chini.

Baba Trizah amesema niuze omena, nimnunulie mtoto ile nyembamba ya kwanza, atakuwa anakuja nayo nyumbani. Huyu mtu anafikiri mambo ni rahisi.

Mimi nimekaa nikayachunguza, na nimeona kosa langu liko wapi. Nilinunua kitu kizito, lakini hakikuwa kizito vya kutosha. Pikipiki iliweza.

Na jana Trizah akasema kwa simu kwamba angekuwa na skrini kubwa ya kuchorea, kazi ingekuwa tamu. Skrini! Ikiwa hapa kwangu, na haiwezi kutoka, si lazima aifuate? Bathsheba atabaki na vitambaa vyake.

Nimemwandikia Kerosi ujumbe saa hii:

Kerosi mwanangu, salamu nyingi. Mimi ni mzima, baba Trizah ni mzima, dani ni mzima, kuku wamepungua mmoja. Nasalimu pia jirani yako wa viatu. Nataka skrini kubwa ya zamani, zile zenye mgongo mrefu. Picha si muhimu. Niambie uzito wake, na kama mizani haifiki, niambie inabebwa na wanaume wangapi. Wakiwa chini ya wanne usihangaike. Nijibu haraka, shule zinafunguliwa karibuni.