Ndevu za Kilio na Mashine ya Dilolo

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Vumbi. Nimepata mashine!

Si ile ya plastiki ya kutupa. Ni ya chuma, nzito, ya zamani. Unazungusha mkia, kichwa kinafunguka, unaweka wembe katikati, unafunga. Mama anayeleta bidhaa kutoka Dilolo ameniapia kwamba ilikuwa ya Mreno mmoja upande wa Angola, na kwamba Mreno huyo alizikwa na mashavu laini. Nimempa mnyororo mpya wa pikipiki, naye akanipa mashine na nyembe zake. Micheline, mke wangu, ameuliza kama duka letu la vipuri lipo ili mimi nipate vyuma vya kuchezea. Mwanamke hana ndevu, atajuaje?

Niandike shida yenyewe. Baba mkubwa Kalala alifariki kabla ya Pasaka, na tangu hapo wanaume wote wa ukoo hatujanyoa. Ndiyo desturi kwetu: mwenye kilio haguswi na wembe mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo ni Jumamosi hii, mtaani Kapata, uani kwa Tantine Bilonda, shangazi yetu, mkubwa pekee aliyebaki. Atamnyoa kila mwanaume mstari wa kwanza kwa mkono wake. Kisha kila mtu atajimalizia mwenyewe kwenye beseni, mbele ya watu wote. Baada ya hapo atataja nani atasema kwa niaba ya ukoo siku ya mahari ya Jémima.

Jémima ni mtoto wa marehemu kaka yangu Gael. Nimemlea mimi. Kusoma alijifunzia dukani kwangu, kwenye maboksi ya plagi. Maneno ya siku yake lazima yatoke kinywani mwangu! Si kwa binamu Mechack, anayevaa kofia ya kazini hata akienda kununua mkate, na ambaye hawezi kuomba chumvi bila kuanza na Kifaransa cha hotuba: “mes frères, mes sœurs,” kaka zangu, dada zangu.

Kikwazo ni uso wangu. Mara ya mwisho tulipoondoa kilio nilijinyoa kwa wembe wa kutupa. Vipele shingo nzima! Nilisimama kusema, watu wakacheka, Mechack akanichukulia neno. Safari hii nitanyoa mbele yao kama fundi, niwe laini, nao wanyamaze.

Jumanne, 10 Juni

Nimetazama mafundisho kwenye simu mpaka mega za intaneti zikaisha. Mzungu mmoja mwenye sauti ya mchungaji anaeleza kila kitu. Maji ya moto kwanza. Povu zito. Vuta ngozi. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Pita kwanza kule ndevu zinakoelekea, halafu kwa upande, halafu kinyume. Alisema pia kwamba kujifunza kunataka uvumilivu, lakini sehemu hiyo niliirusha mbele ili nisimalize mega.

Brashi sina. Ya mzungu ni ya manyoya ya mnyama fulani wa kwao. Mimi nimechukua ile niliyopakia rangi lango letu. Niliiosha vizuri. Povu likatoka la kijani hata hivyo.

Usoni siwezi kujaribu, kilio bado. Nikajaribu mguuni. Ajabu! Wembe unateleza, unatoa kisauti kidogo cha kukwaruza, na nyuma yake ngozi inabaki safi. Nikaenda mpaka gotini. Micheline ameingia, ameutazama mguu wangu wa kijani, ameuliza kama siku hizi ni mimi ninayeolewa badala ya Jémima. Hana shukrani huyu. Wanaume wangapi hapa Dilala wanajiendeleza kwa bidii kiasi hiki?

Jumatano, 11 Juni

Mguu unawasha. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Mungu wangu.

Nieleze kwa utaratibu. Asubuhi niliwaza kwamba mguu si shingo. Anayejua kunyoa mguu anajua nusu ya kazi. Nikaamua kujaribu kasehemu kadogo chini ya taya, upande wa kulia. Nani anachungulia chini ya taya ya mtu mwenye kilio? Umeme ulikuwa umekatika, nikachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Povu. Nikavuta ngozi. Nikapitisha mashine mara moja. Kazi safi!

Lakini kwenye kioo nilionekana kama nimeliwa na mbuzi upande mmoja. Nikarekebisha kushoto ili palingane na kulia. Kushoto pakazidi. Nikarudi kulia. Kulia nako pakazidi. Hapo nikakumbuka ile ya kupita kinyume, nikapita, nikakandamiza kidogo tu. Damu! Nikapaka shabu, ile ya kukausha damu. Aliyeweka ukali ule ndani ya jiwe jeupe lisilo na hatia alikuwa na chuki na wanaume. Niliruka, na mkono bado ulikuwa na mashine. Ilipita kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo, ikaacha barabara wazi ambayo lori la mgodi lingeweza kupita.

Ungefanya nini? Nikamaliza zilizobaki.

Na niseme kweli: sijawahi kunyoleka vile. Hakuna kipele. Nilijipapasa mashavu, nikajitabasamia kwenye kioo, nikajisikia kijana. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dilala mpaka Micheline alipofungua mlango na kushika kichwa kwa mikono miwili.

Akasema ninaua familia. Akasema watu watafikiri nimefurahia kifo, au vibaya zaidi, kwamba baba mkubwa nimemla mimi kwa uchawi. Hilo la pili lilinitoa jasho. Kisha akanishauri niende kwa Tantine leo hii, nipige magoti, niseme ukweli: kwamba nilikuwa najifunza kunyoa, mkono ukateleza. Tantine ni mzee na ananipenda, atanikaripia na kunisamehe.

Ushauri gani huo? Mtu mzima apige magoti na dukani kwake kuna gundi?

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi!

Nimechukua paketi ya meshi ya Micheline, zile nywele za kusukia. Nimezikatakata kwa mkasi, nikazikunja kwenye joto la mbabula, nikazibandika shavuni kwa gundi ya kuzibia tyubu. Kidogo kidogo, kutoka sikio hadi sikio. Halafu nikakaa kimya mpaka zikauke. Bila kujisifu, zilikuwa nzuri kuliko zile za asili.

Mchana nikaenda Kapata kwenye kikao cha kupanga mambo ya kesho. Motari aliyenibeba kwa pikipiki yake, Kyungu, alisimama njiani mara mbili kukagua gurudumu lake. Alisema anasikia harufu ya pancha. Nikamwambia aendeshe.

Uani walikuwa wamekaa wote. Tantine macho yake si mazuri tena. Alinishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga. “Angalieni ndevu ya Josias,” akasema. “Huyu alilia ndugu yangu kabisa.”

Kabisa! Mbele ya wote! Kisha akamgeukia Mechack, ambaye ndevu zake zimeota moja hapa moja kule, akaguna tu. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikajisikia vizuri sana. Mechack akasogea, akanusa, akasema kwamba kuna harufu ya tairi. Nikamwambia mwanaume wa kazi ananukia kazi yake, yeye ananukia nini? Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Jémima alinipa chakula na kuniangalia kwa muda. Nilifikiri atasema neno. Aliniuliza tu kama niko salama. Nikamwambia siku zote.

Mpango wa kesho: nitawahi, nitasimama mwisho wa mstari. Tantine akichoka, wa mwisho hunyolewa haraka haraka. Nitajipaka povu jingi mpaka machoni, nitazisugua meshi chini ya povu, ziangukie kwenye beseni. Nitainua uso: laini! Hakuna atakayejua. Micheline anasema meshi ile aliinunua kwa ajili ya mahari. Nimemwambia ndiyo kazi hasa inayofanya.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Uani palijaa. Kwaya ilikuwa inaimba. Nikasimama mwisho wa mstari kama nilivyopanga. Tantine akaketi kwenye kiti chake mbele ya beseni na kusema tuanze na Josias, kwa sababu huzuni yake imeonekana. Nikasema wakubwa watangulie. Akasema njoo. Nikasema Mechack anachelewa kazini. Mechack akasema leo hafanyi kazi. Nyoka!

Nikapiga magoti. Nikajipaka povu mpaka machoni. Lilikuwa la kijani bado, lakini watu walilipenda, nilisikia mama mmoja akisema labda ni dawa. Tantine akachukua mashine yangu, akaiweka karibu na sikio langu la kulia, akavuta.

Haikutembea. Akavuta tena. Haikutembea. Akashika kwa mikono miwili, mwanamke wa umri ule, akavuta kwa nguvu zake zote, na upande mzima wa kulia ukatoka kama kipande cha zulia.

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Tantine akakileta kile kitu karibu na macho, akakipapasa, akakiinua juu ili wote waone.

“Hii haiko ndevu! Ni meshi ya bibi yake!”

Upande wa kushoto ulibaki palepale. Gundi ninayouza ni ya kweli, hilo sasa Kapata nzima inajua.

Ningependa wangecheka. Hawakucheka. Tantine akaniuliza polepole nilinyoa lini. Nikasema Alhamisi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ili leo ninyoe vizuri. Akaiweka meshi magotini, akasema ndugu yake hakuomba mashavu laini ya mtu yeyote, aliomba kungojewa tu.

Nimetozwa mbuzi. Siku ya mahari nitapokea makreti ya bia mlangoni. Atakayesema ni Mechack. Alisimama palepale, akaanza: mes frères, mes sœurs.

Jémima alinikuta nyuma ya jiko. Alikuja na kitambaa na petroli kidogo, akaanza kuniondolea meshi za upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayeosha mtoto. Hakunikaripia, na hilo ndilo liliniumiza. Alisema Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Tantine, akapiga magoti, akaomba niseme mimi, maana hana baba mwingine. Tantine alikuwa amekubali. Alitaka tu kulitangaza leo, baada ya kunyoa, kwa heshima.

“Ilikuwaka yako, tata,” akasema, na tata kwetu ni baba. “Ungengojea tu.”

Akalia. Machozi yangu mimi nilisema ni petroli.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Shavu la kushoto limevimba. La kulia ni laini ajabu, lakini nani wa kumwonyesha?

Nimefikiri kwa utulivu kosa lilikuwa wapi. Kunyoa hakukuwa na kosa. Kosa ni kwamba meshi inatakiwa kubandikwa kwa gundi nyepesi. Micheline amesema hilo silo fundisho la wiki hii. Nimemwambia ataje fundisho basi. Ametoka nje.

Mchana Mechack akaja. Nilidhani amekuja kujisifu. Alikaa, akavua ile kofia yake, akaizungusha magotini. Akasema Jémima hajaacha kulia tangu jana. Akasema wao wawili wamekwenda kwa Tantine asubuhi, kabla ya ibada. Tantine amelainika. Mbuzi nitatoa, lakini siku ya mahari nitasimama na kusema mimi, kwa sharti moja tu: mpaka siku hiyo nikae kimya, nisijaribu kitu chochote. Chochote! Akasema pia kwamba yeye mwenyewe anaona ni haki niseme mimi. Akanipa mkono.

Nimelia kidogo baada ya kuondoka kwake. Nasema wazi, ni furaha. Nitasema mimi! Kwa ajili ya Gael, kwa ajili ya mtoto wake. Nimemwapia Mechack, nimemwapia Micheline, nimeapa hata peke yangu: sitajaribu kitu.

Kisha nikajitazama kwenye kioo. Shavu litapona, sawa. Lakini juu? Nywele zimeanza kukimbia mbele, nyuma zimejazana, na mvi hapa na pale. Huyo ndiye msemaji wa ukoo? Wakwe watafikiri nini? Kichwa kinachong'aa kinampa mtu uzito. Hata maneno yake yanasikika mbali zaidi. Na kunyoa kichwa si kujaribu kitu. Kunyoa ninajua tayari, nimethibitishwa.

Micheline anagonga mlango, anauliza maji ya moto ni ya nini. Nimemwambia chai.

Nimeanza katikati.